Gardien wa Hillbrow

Mwaka 2016 nilikuwa naijenga upya timu yetu ya Watanzania wa mtaa wa Troyeville, huku ughaibuni. Tulifungwa kila Jumapili, na lawama zote niliwatupia mabeki. Kocha wa Wakongo wa Hillbrow akaniambia, "Ndugu, unipatie mshambuliaji wako, nitakupatia gardien mukali." Mimi nikasikia gadi, yaani mlinzi, na beki kwetu ndiye mlinzi. Tukapeana mikono.

Jumapili iliyofuata jamaa akaja na glovu. Kumbe kwa Wakongo, wenye Kifaransa chao, gardien ni golikipa.

Nilinuna. Mshambuliaji wetu alikuwa anafunga kule Hillbrow, na kila bao lake nililipokea kama tusi. Kwa miaka miwili nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba Wakongo walinilaghai.

Hawakunilaghai. Tangu jamaa asimame golini, mabeki wale wale niliokuwa nawafokea walitulia, na mabao ya kizembe yakakoma. Ule ulikuwa mpango bora kuliko yote niliyoifanyia timu. Nilichelewa kukubali kwa sababu golikipa aliyempisha nilikuwa mimi.