Backup tatu ndani ya begi moja, na kaburi la Stefano wangu

Wakuu, nawasalimu. Wadogo zangu, shikamoo zenu nimeshazipokea hata kabla hamjazitoa. Marahaba.

Naandika polepole. Shule niliishia darasa la nne na jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Lakini majina ya watu sikosei, na haya nimeyaona mwenyewe, siongezi chumvi.

Kwanza niwataje waliokuwepo.

Mimi Kalunde, mjane wa marehemu Mlekwa, wa hapa Usoke.

Mzee Yohana Kapela, mdogo wake marehemu mume wangu. Shemeji yangu na mtani wangu.

Sesilia, mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili. Wanaishi Usinge.

Na Deogratias, mtoto wa mdogo wangu Monika. Ananiita mama mkubwa. Huyu ndiye mtaalamu wetu. Kasomea kompyuta Tabora mjini, na kitambulisho cha kazi anakivaa shingoni hata akienda chooni.

Sasa sikilizeni.

Makaburi ya ukoo wetu yana misalaba ya mbao, na mchwa wa Usoke hawaogopi msalaba. Wazee tunapungua, kwa hiyo ukoo ukaamua kila kaburi lipigwe picha na liandikwe jina, anayejua aonyeshe.

Ilikuwa kiangazi, majani yameungua, pako wazi.

Mimi nilionyesha upande mpya. Kapela akaonyesha upande wa zamani, ule unaopakana na njia waliyopita wapagazi wakielekea Ujiji. Anagusa chini kwa fimbo, anataja jina, Deo anapiga picha.

Tukafika pale nilipokuwa napangoja.

Kifungua mimba wangu, Stefano, alikufa ana wiki mbili. Mimi nilikuwa nimelazwa Tabora, sijitambui. Walimzika bila mimi na aliyechimba ni Kapela. Msalaba wake uliliwa zamani, na pale wamelala vichanga wanne, vilima vyote vimefanana. Miaka yote nilikuwa nakisia.

Kapela akaweka fimbo chini. "Shemeji, acha kukisia. Stefano wako huyu hapa."

Nikasimama pale. Deo akanipiga picha.

Nikasema tuweke mawe yenye namba. Mtaalamu akacheka. "Mama mkubwa, mawe ya nini? Picha zinajua zilipopigwa."

Haya.

Jioni tunakula nyumbani kwangu, nikamuuliza hizo picha zinakaa wapi. Akafungua begi lake jeusi kama mganga anayefungua mkoba.

"Simu ilijaa, nimezihamisha zote. Ziko sehemu tatu. Laptop hii, external hii, flash hii. Hiyo ndiyo inaitwa backup."

"Na begi ni moja?"

"Begi ni moja, ndiyo."

"Basi sehemu ni moja."

Wakuu, alinitazama kama mtu anayetazama kuku akijaribu kusoma gazeti.

Niwaambie kitu. Mimi mbegu zangu hazijawahi kulala zote nyumba moja. Nikivuna natenga debe mbili. Moja inabaki kwangu, juu ya moshi wa jikoni. Nyingine inapanda gari kwenda Usinge kwa Sesilia, na yeye ananiletea za kwake. Mwaka ambao dumuzi walimaliza zangu, nilipanda zilizotoka Usinge. Hakuna mtu aliyenipa cheti kwa hilo.

Nikamwambia Deo, hiyo flash mpe Sesilia, kesho anarudi kwake.

"Mama mkubwa, data siyo mahindi."

Kapela naye akadakia, "Mwache shemeji yangu huyo, hata sahani zake kagawa nyumba mbili!" Wakacheka wote wawili. Sesilia hakucheka. Alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea.

Deo akaahidi atapandisha kila kitu mtandaoni akifika mjini. Miezi ikapita. Kila nikipiga simu, bando limeisha, au kazi zimembana. Kumbe kubonyeza tu.

Masika Kapela akatutoka.

Deo akaja msibani na begi lake, awaonyeshe watu picha za marehemu na fimbo yake. Akafikia nyumba ya Kapela mwenyewe, iliyopakana na bani la jirani la kukaushia tumbaku.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mchana kweupe, bani likashika moto. Upepo ukaupeleka kwenye paa la Kapela. Watu salama, namshukuru Mungu.

Mtaalamu alitoka mbio. Mkono mmoja kashika kiatu, mkono mwingine kashika chaja.

Chaja! Ya laptop iliyokuwa inaungua ndani.

Akaja kusimama mbele yangu, masizi mpaka kwenye kitambulisho. "Mama mkubwa, moto haujui backup."

Nikamjibu, "Na Usinge haukufika."

Akakaa chini akalia. Sikumbembeleza.

Nilikwenda makaburini kesho yake. Mvua imeshusha vilima, majani yananifika kiunoni, na jicho langu mnalijua. Deo alikuwa anatazama simu tu, hakumbuki ni kilima kipi, na wa kumuuliza tumemzika juzijuzi. Jina la mwanangu ninalo, alipolala sina. Sasa nikienda napiga magoti kwenye vilima vyote vinne, na magoti yenyewe haya ya uzee.

Ninyi mnaocheka, picha za mama zenu ziko kwenye simu, na nakala iko kwenye flash iliyofungwa kwenye funguo, mfuko huohuo. Mmesoma kweli?

Nakala iende kwa mtu mwingine, mji mwingine, na ipelekwe leo.

Majina Sesilia kayaandika upya kwenye madaftari mawili, moja kwangu, moja Usinge. Na hawa vichanga nawaweka hapa kwenu, iwe nyumba ya tatu:

Stefano wa Mlekwa.
Kabula wa Kasanda.
Mihayo wa Kasanda, ndugu yake Kabula.
Nyanzala wa Msungu.

Wa Usoke mliopo humu, waulizeni wazee wenu. Nyanzala nadhani ndiye wa mwisho upande wa njia, lakini sina uhakika. Kama nimekosea, nirekebisheni hapahapa, ili nijue kilima kimoja cha kuacha.