Siku Tuliyopima Maji

Nilipoajiriwa kuwa meneja wa ushirika wa maziwa wa Endarasha, eneo la Kieni, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubadilisha namna tulivyopokea maziwa. Wakulima wote walipitia mlango mmoja, kwa karani mmoja aliyekagua, akapima, akaandika, kisha akamimina. Foleni ilifika barabarani, na jua likipanda maziwa mengine yaliharibika kwenye mitungi.

Nilipanga tuwe na milango mitatu, kila mmoja na kazi yake: wa kukagua, wa kupima na kuandika, na wa kumimina. Wafanyakazi walikubali. Niliowahofia ni wakulima, waliozoea mlango ule miaka mingi. Vurugu ya asubuhi moja tu ingetosha kumwaga maziwa, jasho la watu. Nikamwambia mwenyekiti wetu, mama mkulima, kwamba tufanye mazoezi kwanza kwa maji.

"Ati watu watoke kwao wabebe maji?"

"Ndio, mama. Jumamosi mchana."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Sawa, nitatangaza kanisani. Lakini usishangae ukibaki peke yako."

Jumamosi hiyo upepo ulikuwa mkali. Nilisimama mlangoni na karani, nikitarajia wachache wa kunihurumia. Halafu nikawaona wakishuka vilimani: akina mama na mitungi mgongoni, wazee na punda, wengine wakisukuma baiskeli. Walizidi kuja. Na huku Kieni maji si kitu cha kuchezea. Wengi huyatafuta mbali.

Mwanzoni walijazana mlango wa zamani, wakasukumana. Karani akapanda juu ya kreti, akaita, "Wenye hawajakaguliwa, huku! Wenye wamekaguliwa, pale!" Walicheka, wakabishana, wakarudia. Mzee mmoja alimwagiza mkewe arudi nyuma kwa sababu alikuwa ameruka mlango. Kufikia jioni foleni ilikuwa inatembea bila mtu kupaza sauti. Maji yote tuliyapeleka kwenye tangi la shule ya jirani.

Jumatatu yalikuja maziwa. Niliona mitungi ikipita mlango hadi mlango, na lori la maziwa likaondoka umande ukiwa bado kwenye nyasi. Hakuna aliyerudishwa na maziwa yake.

Mwenyekiti akanigusa bega. "Sasa umeona, meneja?"

Nilikuwa nawatazama wale watu wakifunga mitungi mitupu kwenye punda, wakisalimiana, wakielekea nyumbani kukata nyasi, kana kwamba hawakuwa wamefanya jambo lolote kubwa.