Mkono wa Baiskeli Haung'olewi kwa Nyundo

Siku niliyoondoka Mwera sikuwa na safari. Niliamka, nikamwambia mama natoka kidogo, nikaishika barabara ya Tanga kwa miguu. Shule nilikwisha kuiacha darasa la tano, mwalimu akilalamika kuwa nauliza mambo yasiyomo kitabuni. Kabla ya Tongoni, mchuuzi wa samaki alinipakia nyuma ya baiskeli yake. Njia nzima niliitazama miguu yake. Kila mzunguko, mguu wa kushoto uliruka kidogo, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo. Tulipofika Ngamiani, mjini Tanga, alikwenda moja kwa moja kwa fundi, nami nikamfuata nijue kinachoruka ni nini.

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini, ingawa hakuna aliyeniajiri.

Fundi yule mtaa mzima ulimwita Fundi Mkuu, japo chini yake hapakuwa na fundi mwingine. Alifanya kazi kwenye baraza la Bhai Taher, muuza baiskeli na vipuri, kwa makubaliano kwamba kila baiskeli iliyotoka dukani itatengenezwa hapo hapo nje.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Weye wa wapi?"

"Mwera. Nimekuja kutazama."

"Kutazama hakuna mshahara. Shika gurudumu hilo."

Nikalishika. Siku ile nikajifunza kuwa mkono wa baiskeli, yaani kile chuma kinachobeba pedali, ulifungwa kwenye ekseli, ule mhimili wa katikati, kwa kotapini: kipande cha chuma kinene kama kidole, ubavu mmoja umechongwa bapa, na mwisho wake una nati. Pini ikilika, mkono unacheza, na mguu unaruka.

Baada ya wiki chache nikaachiwa baiskeli ya Bwana Afya, aliyekuwa akizungukia vyoo na visima vya vijijini. Nilimfungia pini mpya mbili, nikazigonga zikakaa, nikajisifu. Hakufika mbali. Akarudi anaikokota.

"Ebo! Kijana, nilileta baiskeli au nilileta nyonga zangu uzitegue?"

Pedali moja ilikuwa imelala, nyingine imeinama. Fundi Mkuu alicheka mpaka akakaa chini. "Umezipiga zote kutoka upande mmoja, bwana. Mikono ikilala sawa na ardhi, nati ya huku itazame juu, ya kule itazame chini. Pini ni kama mashemeji, hazipiti mlango mmoja." Tangu siku hiyo sijakosea tena.

Kisha ikaja miaka ya foleni. Rafu za Bhai Taher zikabaki na kengele tu. Pini hazikuonekana Tanga nzima, na watu wa shamba, wa samaki, wa posta, wote walitegemea baiskeli. Bwana Stoo wa karakana moja ya shamba la mkonge alikuwa akitugawia vipande vya nondo vilivyobaki, nasi tukivibana kwenye jiliwa na kuvichonga kwa tupa. Pini mbili zilitaka mchongo wa mwinamo mmoja, la sivyo pedali zinapishana. Niliweza kuupima mwinamo kwa kidole gumba, macho nimefumba. Nasema bila haya: mji huu ulipanda pini zetu.

Milango ya biashara ilipofunguliwa, Bhai Taher akashusha baiskeli mpya zinazong'aa. Hazikuwa na kotapini. Mkono ulivikwa kwenye ncha ya ekseli yenye pembe nne, ukakazwa kwa boliti. Zilipoanza kurudi kwa matengenezo, Fundi Mkuu alifungua boliti, mkono ukagoma, akachukua nyundo. Wa kwanza ukapasuka. Wa pili ukapinda na ekseli yake. Siku ya tatu ukapasuka mwingine, Bhai akatoka nje.

"Fundi, huu wa tatu. Wateja wananirudishia. Dar es Salaam kuna mtu anazijua hizi. Ijumaa nikitoka msikitini nataka kuona mkono umetoka mzima. Hautoki, baraza nampa yeye."

"Bhai, baada ya miaka yote hii?"

"Miaka yote hii ilikuwa na pini."

Fundi Mkuu alikaa chini, akailaza ile nyundo mapajani. Mimi nilikuwa nikichungulia tundu la boliti. Ndani yake, kuzunguka, palikuwa na hesi, yale makunjo ya kuzungushia nati, pana kuliko boliti, na boliti haikuzigusa kabisa. Nani akate hesi za pambo mahali pasipoonekana? Nikawaza: kuna kitu kinatakiwa kuingia hapa.

Nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikakilainisha juani, nikakishindilia tunduni, kisha nikakizungusha taratibu kikatoka na alama zote. Nikakipeleka kule karakana ya mkonge kwa mkerezaji, fundi wa mashine ya kuzungusha na kukata chuma.

"Umeniletea nguo nifue?"

"Nikerezee chuma chenye hesi hizi nje. Katikati kipite kipande cha boliti kitakachosukuma ekseli."

Akaigeuza sabuni mkononi, akaacha kucheka. "Hii pula, kijana. Huku tunavutia beringi. Umeiota?"

Ijumaa Bhai alisimama na kanzu yake, Fundi Mkuu ameshika baiskeli. Nikaingiza pula mpaka mwisho, nikaanza kukaza. Ikawa ngumu mapema mno. Mkono wangu ulinikataza. Nikaitoa, nikatia kidole: wosha, kile kipete cha chini ya boliti, ilikuwa imeganda kwenye grisi, pula inaisukuma yenyewe badala ya ekseli, na ningeendelea ningezikata hesi zote. Nikaichokoa, nikarudia. Spana ikazunguka, mkono ukateleza nje bila mkwaruzo.

Fundi Mkuu aliupokea, akaugeuzageuza. "Bhai, mwambie mtu wako wa Dar asikate tiketi."

Baraza likabaki. Mimi sikubaki; nilizurura Muheza, Pangani na kwingine, nikifungua mikono mpaka Fundi Mkuu macho yalipomkataa na kuniita nilishike baraza. Nililishika miaka mingi, na mwaka jana nikawakabidhi mafundi wawili niliowafundisha.

Mwezi uliopita waliniita. Mwalimu mmoja wa Raskazone alileta baiskeli ya umeme, mkono wa kulia umelegea, nao waliogopa mota. Nilimwambia azime, atoe betri. Nikakagua waya usipite karibu, nikatoa boliti, nikatoa wosha, nikatia pula ya dukani. Mkono ukaja. Nikavika mpya, nikamwambia arudi kesho ukazwe tena, maana mkono mpya hukaa vizuri ukishatembea.

"Babu, umeme ulisomea wapi?" mwalimu akauliza.

"Siujui, mwanangu." Nikahamia upande wa pili na spana yangu.

"Babu, uliolegea ulikuwa mmoja tu."

"Najua. Nataka kuona mota imekaaje."