Gasketi ya Lori la Uhuru

Siku ya kwanza kufika gereji ya Rumonge nilibeba kisu cha ngozi, maana nilikuwa fundi viatu. Shefu wa atelye, yaani mkuu wa karakana, Mkongomani mnene, alikuwa amechoka kungoja gasketi kutoka mji mkuu, Usumbura, akataka mtu anayejua kukata. Gasketi, kwa ninyi vijana, ni karatasi ngumu inayokaa kati ya vyuma viwili ili oili isivuje. Niliikata vizuri, halafu kwa mazoea nikaipiga kiwi. Shefu aliigeuza mkononi.

"Baba, hii iko ya injini," akasema. "Haiende arusi."

Alinifundisha kukwangua gasketi kuukuu, kupangusa chuma kwa petroli, na kugongagonga karatasi juu yake mpaka umbo lijichore. Gundi ya tyubu aliipaka kama pilipili kwenye chakula cha mgonjwa. Ikizidi, alisema, huingia ndani, ikameguka na kuziba njia ya oili.

Uhuru ukakaribia. Asubuhi ya safari, lori la tarafa lilijaa akina mama wacheza ngoma wa kwenda kwenye sherehe Usumbura, na chini yake oili ikidondoka. Gasketi ya bakuli la oili ilikuwa imechanika, na karatasi za kukatia tulikuwa tumemaliza. Shefu aliwaomba akina mama washuke. Kiongozi wao, Mama Anjelina, alijibu kwamba atakayeshuka atakuta nafasi yake imekaliwa. Hakuna aliyeshuka.

Nilikimbilia ofisi ya tarafa. Picha ya mkubwa mmoja wa Kibelgiji ilikuwa imeshushwa ukutani, na nyuma yake kulikuwa na katoni nene, safi. Nikamwuliza karani kama naweza kuichukua. Akageukia dirishani.

"Mimi siko hapa," akasema.

Basi nikakata. Tulipolala chini kufunga bolti, juu yetu mazoezi ya ngoma yakaanza. Kila walipokanyaga, udongo ulituangukia machoni na bolti zikakwepa matundu. Shefu akatambaa nje, uso wote oili.

"Mama Anjelina, uhuru iko karibu," akasema kwa upole. "Munipe kwanza bolti ine."

Wakatulia kama wako kanisani mpaka tukakaza ya mwisho. Tuliiacha gundi ishike, tukamimina oili, wakaondoka. Sisi tulibaki na wasiwasi siku nzima. Dereva alipita Magara bila kusimama; alipofika Kabezi akainama kuchungulia, akakuta pakavu. Walicheza Usumbura, wakarudi sauti zimekauka, na Mama Anjelina akamletea Shefu bendera ndogo ya karatasi. Shefu, aliyekuwa mgeni nchini kama wengi wetu wa pwani hii ya ziwa, alipangusa mikono kwanza, ndipo akaipokea.

Baada yake nilifanya kazi chini ya wakubwa wengine, mmoja akipaka gundi kama siagi kwenye mkate. Injini zake tulizifungua mara mbili mbili. Nilipostaafu, direkta wa gereji alitoa hotuba ndefu, akasema ninaacha pengo kubwa.

Nilisimama, nikamshukuru, nikawaomba walizibe kwa gundi kidogo.