Lenzi Pana na Kaburi la Mjomba

Nakumbuka asubuhi moja pale Kisian, kijijini kando ya ziwa, na laiti ningeweza kuisahau. Mwanangu, umeniuliza ununue lenzi pana ya namna gani kwa picha zako za ziwa na vilima, ya milimita kumi na sita au ya ishirini na nne. Nitakujibu. Ila kwanza nikueleze aibu yangu, maana jibu limo humo.

Nilikuwa kijana, mpiga picha wa studio moja mjini Kisumu, kichwa kimevimba kwa sifa. Mwenye studio, Mzee Salim, aliniazima lenzi yake iliyokuwa pana kuliko zote, ya milimita kumi na saba. Akanionya, "Hiyo ni lenzi ya kusogea karibu. Ukisimama mbali itakupa mawingu na majani tu." Nikaitikia "Ndiyo, Mzee," ikaingia sikio hili ikatokea lile. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na yangu yalikuwa karibu kuonekana.

Aliyeniita Kisian ni Mama Adongo, mjane wa mjomba wangu. Mvua zilikuwa zimezidi mwaka ule, na ziwa lilikuwa likipanda, kila wiki likiingia hatua kadhaa shambani. Mjomba alikuwa amezikwa miezi mitatu nyuma, kando ya nyumba yake, upande wa maji, kaburi likapakwa chokaa nyeupe. Mama alijua maji yatafika. Alitaka picha moja tu: kaburi, nyumba na ziwa, ili wajukuu ambao hawajazaliwa waonyeshwe babu yao alipolala.

Nilipofika alinishika bega. "Wuoda, mwanangu, kuja kwanza tusalimie mjomba yako. Wewe hukuja mazishi."

Unaijua desturi yetu. Aliyekosa mazishi hupelekwa kaburini kabla hata ya kupewa kiti. Nami nilikosa, nilikuwa Maseno nikipiga picha za harusi. Jambo hilo liliniuma, na pengine ndiyo sababu sikutaka kwenda. Nikatazama saa.

"Mama, mwanga mzuri wa asubuhi unapotea. Wacha nipige kwanza, tutaenda baadaye."

"Lakini kaburi iko hapa, na wewe unasimama kule kwa gate?"

"Hii lenzi inaona kila kitu, Mama."

Na kweli iliona kila kitu. Nikapiga magoti langoni mbele ya jiwe moja zuri, anga lote juu yangu, nikabofya hadi filamu ikaisha. Sitakuficha, mwanangu: sikuwa nikimpigia Mama. Nilikuwa nikipiga picha ya kutundika dirishani mwa studio. Nilipomaliza nikakumbuka kazi nyingine mjini, nikaaga mbiombio. Chai yake sikuinywa, na kaburini sikufika.

Wiki iliyofuata nilirudi na picha. Nilimkuta Mama kwa jirani, juu karibu na barabara, magodoro yake yako nje. Ziwa lilikuwa limeingia siku mbili kabla. Nyumba ilikuwa imeanguka ukuta mmoja, na mahali pa kaburi palikuwa maji matupu na magugu yakielea.

Nikampa picha. Mbele lilijaa jiwe. Juu yalijaa mawingu. Nyumba ilikuwa ndogo kama kiberiti, imelalia upande, na vilima vya ng'ambo vilikuwa vimekimbilia mbali. Mama aliisogeza karibu na macho, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hii kitu nyeupe kidogo ndio yeye?"

"Ndiyo, Mama."

"Jiwe umetoa vizuri," akasema.

Hakunikejeli. Alikuwa akitafuta la kunishukuru, na hilo ndilo lililonivunja. Afadhali angenitukana. Nilisimama pale mtu mzima nikitamani ardhi ipasuke, na maji yaliyomwagika hayazoleki.

Wajukuu walizaliwa. Mama alipofariki, kazi ya kuwaonyesha picha ile ikawa yangu. Huwaonyesha kwa ncha ya kijiti, kwa kuwa nikiweka kidole kinamfunika mjomba mzima.

Basi jibu lako ni hili. Anza na ishirini na nne, isiyo pana sana. Kumi na sita, iliyo pana zaidi, ununue siku utakayokuwa umejifunza kusogea, maana lenzi pana hukuza kilicho karibu na kufukuza kilicho mbali, na asiyependa kusogea haimfai. Lakini kabla hujafungua mkoba, nenda kwanza anakokupeleka mwenye nyumba. Laiti ningefuata mkono wa Mama hadi kaburini, ningejikuta nimesimama palepale picha ilipokuwa, mjomba miguuni pangu, nyumba kando, na ziwa lote nyuma yake.

Nenda, mwanangu. Mungu akubariki macho, lakini akubariki miguu zaidi. Akupe moyo wa kuitika ukiitwa karibu, hata unapoona haya kwenda. Na wale utakaowapiga picha, watoto wao wawaone bila kuuliza wako wapi.