Mgeni Aliyegombaniwa Mangalem

Jirani yetu Bi Nekije alikuwa mjane, mshonaji wa mablanketi ya maharusi, na ndiye mwanamke pekee wa mtaa wa Mangalem aliyemshinda baba yangu kwa kelele. Baba, Kasemi fundi viatu, aliweza kumsamehe kelele. Kuibiwa mgeni hakuweza.

Wakati wa vita, Wajerumani walipoingia mji wetu wa Berati, Solomoni muuza vitambaa, Myahudi aliyekimbilia kwetu kutoka Manastiri, alikuja dukani akamwomba Baba amfiche binti yake Rashela, wa miaka saba. Yeye na mkewe wangepanda milimani. Baba akakubali palepale. Mama akachinja kuku, mimi nikaambiwa nihame kitandani. Tukangoja mpaka kuku akapoa. Kumbe Bi Nekije alikutana nao darajani, akaona mtoto anatetemeka, akamshika mkono akaenda naye kwake. Wala hakuuliza alikuwa anapelekwa kwa nani.

Asubuhi Baba alikuwa mlangoni kwake.

"Nekije! Nirudishie mgeni wangu!"

"Kwani ameandikwa jina lako mgongoni?"

"Nilimpa baba yake besa! Neno langu!"

"Wewe umempa neno, mimi nimempa supu. Mtoto kachagua supu. Nenda kagonge viatu."

Kwa kuwa lafudhi ya Rashela ingemuumbua, Bi Nekije aliutangazia mtaa kwamba huyo ni mpwa wake kutoka Vlora, bubu na kiziwi. Hapo alikosea hesabu, maana Rashela alikuwa msemaji kuliko redio. Kila nikipita chini ya dirisha nilimsikia yule bubu akimgombeza paka.

Ugomvi ukaendelea kila siku hadi Desemba. Asubuhi moja walikuwa katikati ya njia, Baba akipiga kelele "Mwizi wewe!", sajini wa Kijerumani akatokea kwenye kona na mkalimani wake, kijana wa nchi yetu kutoka Korça.

"Ameiba nini?" mkalimani akauliza.

Bi Nekije akawahi kumuokoa Baba. "Anasema nimemwibia bata mzinga."

"Ndiyo!" Baba, ambaye hajawahi kufuga hata njiwa, akadakia. "Dume! Nono!"

Bahati mbaya sajini huyo kwao alikuwa karani wa mahakama, na alikuwa na hamu ya kesi. Akaagiza kiti uani kwa Bi Nekije. Bata aletwe mara moja, akasema, la sivyo nyumba zote za mtaa zitapekuliwa.

Basi hapo ndipo nilipojua mtaa wetu. Kila nyumba, kumbe, ilikuwa na mtu wake: huyu kaficha mshona nguo wa Kiyahudi na mkewe, yule kaficha askari wa Kitaliano waliotoroka. Hakuna aliyetaka kupekuliwa. Kabla sajini hajamaliza sigara, bata mzinga kumi na mmoja walikuwa uani kwa Bi Nekije, kila mmoja akiletwa na mtu anayeapa kamuokota njiani. Wa mwisho aliletwa na bibi kizee mwenye ndevu, ambaye sikuwahi kumwona.

"Wako ni yupi?" sajini akamuuliza Baba. Baba akaonyesha mmoja. Bi Nekije, kwa ukaidi tu, akasema huyo siye.

"Hakuna shahidi?"

Akaonekana Rashela mlangoni. Alipoambiwa ni bubu na kiziwi, sajini alifurahi sana: shahidi asiyeweza kufundishwa la kusema! Rashela akamwonyesha bata wa yule bibi mwenye ndevu.

Hukumu ikaandikwa na kupigwa muhuri. Ili ugomvi uishe, Jumatatu hadi Alhamisi bata huyo akae kwa Bi Nekije, Ijumaa hadi Jumapili kwa Kasemi.

"Na siku ya Idi je?" akauliza bubu, kwa sauti.

Hata bata walinyamaza. Mkalimani akakohoa, akamwambia sajini maneno kwa Kijerumani, sajini akacheka, akaondoka. Kijana akabaki nyuma kidogo. "Nimemwambia aliyelia ni bata," akamnong'oneza Bi Nekije. "Mama, mwingize bubu wako ndani kabla hajahutubia."

Ijumaa, baada ya sala, Baba akabisha hodi na karatasi mkononi. "Amri ya serikali. Nimekuja kuchukua bata wangu." Bi Nekije aliisoma mara tatu, akamvika Rashela soksi mbilimbili, akamtoa. Kwa karibu mwaka mzima ikawa hivyo. Siku zake kwetu, Rashela alilala nami na kuongea hadi usingizini.

Wajerumani walipoondoka, Solomoni na mkewe wakashuka milimani, wamekonda, wamevaa kama wachunga kondoo. Rashela alijificha nyuma ya Bi Nekije mpaka mama yake alipomwita. Bi Nekije akawalisha siku tatu, akiwafokea kwamba hawali. Walipoondoka hakwenda darajani kuwaaga. Alikuja kwetu, akakaa jikoni, akaanza kumenya vitunguu ambavyo Mama hakumwomba amenye.

Kesho yake aliniuliza kama najua kushika sindano. Sikujua. Akanifundisha miaka kumi na minne, mpaka macho yake yalipokataa.