Swali la Mama kwa Rubani

Harufu ya ngozi kuukuu iliyochanganyika na mafuta ya cherehani hunirudisha mtaa wa Jeppestown, ugenini, kwenye chumba ambamo Mama alishona nguo za watu tangu tulipotoka Bukavu. Nilikuwa na miaka kumi, na siku moja nusura nidondoshe chai. Mzee wa miaka tisini na ushee, aliyesimama mlangoni akiegemea fimbo, alikuwa mwandishi ambaye vitabu vyake tulivisoma darasani. Nilimtambua kwa picha iliyokuwa kwenye kila jalada.

Alileta koti la ngozi lenye bitana iliyochanika. Kiingereza cha Mama kilikuwa cha kuombea maji, basi nikawa mkalimani. Alisema alilivaa ujanani, aliporusha ndege ya kivita katika Vita vya Pili vya Dunia, na alitaka kulivaa tena siku ya kuwakumbuka wenzake waliokufa.

Nilipotafsiri maneno "ndege ya kivita," cherehani ilinyamaza. Vita ndivyo vilivyotuleta huku. "Vita haina macho," Mama alizoea kusema.

"Umuulize uyu muzee," alisema taratibu, "kama alishaua batu."

Nilitamani ardhi inimeze, ila niliuliza. Mzee aliketi kwanza, akamtazama Mama, si mimi.

"Mwambie ndiyo," alisema. "Sikuwaona nyuso, isipokuwa mmoja."

Ndege ya huyo mmoja ilishika moto, akaruka kwa mwavuli. Kamanda wa mzee akafoka redioni kwamba ammalize. Yeye aliondoa kidole kwenye kitufe cha bunduki, akawa anamzunguka yule adui angani hadi alipogusa mchanga wa jangwani, ili mwingine asimpige.

"Niliadhibiwa," alisema. "Katika vita vyote, hilo tu ndilo ninalojivunia."

Mama alilivuta koti, akalishona palepale kwa uzi wake mzuri kuliko wote. Alipomaliza alimshika mzee mkono, akamsindikiza ngazi zote mpaka garini.

Mimi, kusema kweli, nilitaka shujaa aliyeangusha ndege chungu nzima. Ilinichukua miaka kuelewa nilichokiona. Mtu mwenye jina kubwa vile angeweza kumcheka mshonaji mkimbizi, au kuondoka na koti lake. Yeye aliketi, akajibu. Na wale waliochoma nyumba yetu Bukavu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuketi mbele ya Mama akaulizwa.